Nilivyoondoka na Fyuzi za Ruiri

Kilichoninyima usingizi majuma yale hakikuwa stima. Stima naielewa. Nimeisomea hadi nikavishwa joho, najua inavyotembea kwenye waya na inavyoua, na ukinipa risiti ya supamaketi naweza kukuchorea hesabu yake upande wa nyuma. Kilichonikodolesha macho kitandani ni swali moja la kipuuzi: je, nikifika juu ya nguzo halafu nishindwe kushuka?

Si kuanguka. Kwa kuanguka kuna mkanda, na mkanda niliuamini. Nilichoogopa ni kuganda. Nilijiona nimekumbatia nguzo kama paka aliyekimbizwa na mbwa, na soko zima limesimama chini likitoa ushauri, huyu anataka iletwe ngazi, yule anataka aitwe mchungaji. Na mimi nikishaanza kuwaza siachi mahali pazuri. Nikiganda asubuhi, chakula cha mchana nitaletewaje? Nikibanwa na haja? Mama ataitwa kutoka Embu? Atakuja amevaa nguo gani? Ukutani kwa jirani, maana bado nilikuwa nimepanga chumba Nchiru katikati ya wanafunzi ingawa masomo yangu yalikuwa yamekwisha, mtu alikuwa akikoroma bila wasiwasi wowote duniani, na mimi nilimchukia kwa dhati.

Swali lenyewe lilikuwa limewekewa siku. Nilikuwa nafanya kazi kwa mkandarasi mdogo wa mjini Meru, kampuni inayotengeneza laini za stima vijijini. Nilikuwa wa majaribio, na majaribio yalikuwa yanakwisha. Meneja wetu, mama mmoja asiyepoteza neno, aliniita Jumatatu akanionyesha meza iliyokuwa tupu karibu na dirisha.

"Hii ni yako ukiitaka," alisema. "Utachora laini kwa kompyuta, utapanga vifaa, utashika simu. Nataka jibu Ijumaa, kuna mtu mwingine anaiulizia."

"Na nikitaka kubaki na laini?"

"Basi ubaki kama mpandaji. Wa kufunga kamba chini ninao wa kutosha."

Hapo ndipo penye mwiba. Nilikuwa sijapanda hata nguzo moja. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini nikifunga nyundo na vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya kwenye kamba ili vivutwe juu. Nikiikataa meza halafu nigande, ningekosa meza na nikose nguzo, nirudi nyumbani kuchuma chai nikiwa na digrii. Mtu mwenye akili zake angechukua meza siku hiyohiyo. Mimi niliomba nifikirie. Sababu niliijua, lakini sikuwa nimemwambia mtu: kila tuliporudisha stima mahali na kijiji kikapiga kelele, mimi niliyekuwa chini nilimwonea wivu aliyekuwa juu. Wivu wa kweli, ule wa kukufanya ununie chapati yako.

Kisha kulikuwa na mama. Nyumbani kwetu ni Embu, kule juu kwenye miteremko ya mlima, na mama alikuwa ameshalitangazia kanisa kwamba binti yake ameajiriwa ofisini. Simwiti mwongo. Nilimwambia "kampuni" naye akaongeza ofisi mwenyewe, kama mtu anavyoongeza chumvi bila kuonja.

"Wenzangu wa kwaya wanauliza," aliniambia kwa simu, "hiyo ofisi yako iko ghorofa ya ngapi?"

"Inategemea siku, mama."

"Inategemea siku! Kwani kuna lifti?"

Tulikuwa watu wanne katika lori letu. Msimamizi tulimwita Mkubwa, kwa sababu alipenda kuitwa hivyo na kwa sababu mkanda wa kawaida haukumtosha tena. Alikuwa Mmeru wa sauti kubwa anayesema stima inamfahamu kwa jina. Mpandaji wetu alikuwa Mmbeere, mwembamba, kutoka nyanda kavu za Embu, na wote wawili walitaniana kuanzia tutokapo geti la yadi ya kampuni hadi turudipo.

"Huyu alijifunza kupanda akifuata asali," Mkubwa alikuwa akisema. "Kwao hata mbuzi hupanda miti."

"Na kwenu hata watu wamekuwa viazi," Mmbeere alijibu. "Vya mviringo, na chini ya udongo."

Wa nne alikuwa dereva, mwimbaji wa besi kanisani kwao, ambaye hangewasha injini kabla hajaomba, na maombi yake yalipitia kila gurudumu. Mimi waliniita Injinia. Kwanza lilikuwa jina la kunichokoza, halafu likawa jina tu.

Kulikuwa na desturi moja katika lori lile, nayo ndiyo kiini cha haya yote. Kabla ya mtu kugusa laini ya kijiji, tunakwenda kwenye transfoma tunatoa fyuzi, vitu vizito vya kauri vinavyotosha mkononi. Zikitoka, laini imekufa. Bado tunaipima, bado tunaifunga na waya wa ardhi, kwa sababu kuna watu wana jenereta nyumbani na hawajali. Lakini fyuzi zenyewe haziachwi kwenye sanduku wala kwenye lori. Anayepanda anazibeba mwilini mwake. Hakuna mtu wa chini, awe mlevi au mwenye haraka au mwenye mamlaka, anayeweza kuwasha stima wakati fyuzi ziko mfukoni mwako huko juu. Wakipanda wawili, anabeba yule mgeni zaidi katika kazi, ili woga wa stima umtoke kichwani. Akiingiwa na wasiwasi anagusa paja, anakuta fyuzi, anatulia. Na aliyezibeba ndiye anayezirudisha kwa mkono wake.

Mkubwa alikuwa na wimbo wake wa kufunga kazi. Kabla ya lori kuondoka alipaza sauti: "Fyuzi?" na aliyepanda alijibu: "Nyumbani!" Hapo ndipo dereva aliweza kuanza kuomba.

Jumanne tuliitwa Ruiri. Upepo wa usiku ulikuwa umevunja tawi kubwa la mkaratusi, nalo lilipoanguka liliuvua waya kutoka kwenye vikombe vya nguzo mbili zinazofuatana. Waya ulikuwa unaning'inia juu ya shamba la viazi kama kamba ya nguo. Tuliondoa tawi, tukatoa fyuzi pale sokoni, tukapima, tukafunga waya wa ardhi. Kisha Mkubwa akaziangalia nguzo mbili, akamwangalia Mmbeere, akaliangalia tumbo lake mwenyewe.

"Wawili lazima wapande pamoja," alisema. "Waya ukivutwa huku, ushikwe kule. Na mimi goti langu mnalijua."

"Goti ni jina la tumbo siku hizi?" aliuliza Mmbeere.

Mkubwa alikuwa ananitazama mimi, na mkononi alikuwa na fyuzi.

"Injinia. Maisha yako, mfuko wako."

Ningependa kusema nilizipokea kishujaa. Nilizipokea nikiuliza maswali. Nguzo ni ya mwaka gani? Ilipakwa dawa vizuri? Mkanda umekaguliwa lini? Upepo je? Mmbeere alichukua nyundo akaigonga nguzo yangu kuanzia chini mpaka mkono wake ulipofika, nguzo ikalia ngo, ngo, ngo, mlio mkavu wa mti mzima. Kisha akanifunga vyuma vya kupandia juu ya buti nilizoazima, akavikaza, akanipiga begani.

"Haikuoza," alisema. "Sasa hebu na wewe usioze hapa chini."

Hatua za kwanza zilikuwa rahisi kwa sababu nilikuwa bado nabishana kichwani. Unapiga chuma kwenye mti, unasimama juu yake, unasogeza mkanda, unapiga mguu wa pili. Nilikuwa katikati ya hoja nzuri sana kuhusu ubora wa ngozi ya mikanda nilipotazama chini, nikaona kofia ya Mkubwa ikiwa ndogo kama kifuniko cha sufuria. Nikaganda.

Niliganda kabisa, vilevile nilivyokuwa nimejizoeza kitandani. Shavu langu lilikuwa limebandikwa kwenye ile dawa nyeusi ya nguzo.

"Injinia!" Mmbeere aliniita. Yeye alikuwa ameshafika kileleni mwa nguzo yake, amekaa kwenye mkanda kama mtu aliye sebuleni. "Unafikiria nini?"

"Nguzo!"

"Iache nguzo. Yenyewe haikufikirii."

"Siwezi kuacha! Nikianza siachi!"

"Basi fikiria kitu kidogo! Fikiria mguu wa kushoto peke yake!"

Lilikuwa shauri la ajabu, lakini nilikuwa sina lingine. Nikaufikiria mguu wa kushoto. Niliufikiria kwa bidii yote ninayotumia kufikiria maisha yangu ya uzeeni: kisigino chake, chuma chake, pembe ya kuingilia kwenye mti. Ukapanda. Nikaufikiria wa kulia. Ukapanda pia. Sikuwa na nafasi ya kuwaza mama amevaa nini. Nikagusa paja, fyuzi zikawa pale, nzito na tulivu. Mguu wa kushoto. Mguu wa kulia. Halafu mkono wangu ukagusa chuma cha kikombe, na juu ya hapo palikuwa na mbingu tu.

Nikainua kichwa. Mashamba ya eneo lote la Buuri yalikuwa yamelala hadi kwenye mlima, ngano hapa, viazi pale, na mlima wenyewe ulikuwa umevua mawingu asubuhi hiyo. Niliona mapaa ya mabati yaking'aa. Niliona ng'ombe kwa juu, na ng'ombe kwa juu ni mnyama wa kuchekesha sana, ni kama meza yenye masikio. Niliona mtu wa bodaboda akichokonoa pua akidhani yuko peke yake duniani. Kicheko kikanitoka. Nilijaribu kukizuia kikazidi. Nilicheka mpaka mkanda ukawa unalia.

"Amepatwa na nini?" Mkubwa aliuliza kutoka chini.

"Amelewa hewa!" Mmbeere alimjibu. "Mwache, itaisha!"

Haikuisha. Nilivuta waya nikicheka, nikauweka kwenye kikombe nikicheka, nikaufunga mizunguko yake kama nilivyoonyeshwa na ukakaa barabara. Mmbeere aliuvuta upande wake, ukanyooka, na sote wawili tukapaza sauti kama watu waliokamata samaki. Chini, Mkubwa alikuwa ameacha kusimamia chochote. Alikuwa ananirekodi kwa simu yake huku akitoa maelezo kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Na sasa Injinia anafunga! Anafunga! Amefunga!"

Kushuka? Kule kushuka kulikoninyima usingizi? Sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba ardhi ilinijia, nikaikanyaga. Dereva alinikumbatia akaanza kushukuru Mungu kwa besi. Mkubwa alikuwa anamtumia mkewe ile video. Tulifungua waya wa ardhi, tukarusha vifaa ndani ya lori, na Mmbeere akasema siku ya nguzo ya kwanza lazima mtu anywe chai kabla damu haijapoa.

Kibanda cha chai kilikuwa cha shosho mmoja, bibi mzee mwenye skafu ya kijani. Kabla ya kutupa chapati alitupima kwa macho, akiangalia nguo zetu.

"Nyinyi ndio watu wa stima?"

"Ndio sisi, shosho," alisema Mkubwa akijipanua.

"Mbona haijarudi?"

"Imerudi. Ni vile mchana huwezi kuiona."

"Na redio yangu? Imenyamaza."

"Redio huzeeka, shosho."

"Hii nilinunuliwa Krismasi."

"Basi ni stesheni. Saa zingine hupumzika."

Shosho alimwangalia Mkubwa kama anavyoangaliwa mtoto anayesema amekwisha nawa. Lakini mimi nilikuwa nasimulia. Nilikuwa nasimulia nguzo yangu kwa watu walioiona kwa macho yao, nikionyesha kwa mikono, nikivunja chapati kuwa nguzo na kikombe, na wao wananicheka na kuniongezea chumvi. Mmbeere alidai kwamba nilipokuwa nimeganda niliungama dhambi za shule ya msingi. Tuliondoka pale bado tunacheka. Dereva aliomba bila kungoja wimbo, kwa sababu aliyepaswa kuuanzisha alikuwa anaitazama ile video kwa mara nyingine.

Tulikuwa tunakaribia mjini meneja alipopiga simu. Mkubwa aliiweka kwenye spika.

"Ruiri wananipigia," meneja alisema. "Hawana stima. Kijiji chote."

Mkubwa akasema haraka kwamba ni wezi, lazima ni wezi wa mafuta ya transfoma, ameshawaona watu wawili pale wenye sura hiyo. Mimi nikasema tusikimbilie wezi. Na hapo nikaanza. Nilikuwa bado nimelewa ile hewa, na digrii yangu ilikuwa imepata nafasi yake hatimaye. Nikaeleza kwamba huenda tawi liliumiza waya mahali tusipoona, au muunganiko umelegea, au mzigo umeegemea upande mmoja. Nikawachorea hewani. Dereva akapunguza mwendo ili asikilize vizuri. Mkubwa alitikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Unaona? Hii ndiyo faida ya kusoma."

"Ngoja niwapigie hesabu," nilisema, nikatia mkono mfukoni kutoa simu.

Nikagusa kauri.

Nilitafuta maelezo mengine. Labda ni fyuzi za zamani. Labda kila mtu hutembea na fyuzi. Nilizipapasa, na zote zilikuwepo, zimepata joto la mwili wangu kama mayai.

"Mkubwa," nilisema.

"Endelea na mzigo ulioegemea."

"Mkubwa, stima ya Ruiri iko hapa."

"Hapa wapi?"

"Nimeikalia."

Dereva alisimamisha lori pembeni. Mmbeere alinitazama, akautazama mfuko wangu, akafungua mlango, akashuka, akalala kwenye nyasi kando ya barabara. Alikuwa anacheka bila sauti, miguu ikirukaruka. Mkubwa alifungua kinywa ili akasirike. Nilimwona akikusanya pumzi.

"Sikuuliza 'Fyuzi?'" alinguruma.

"Hukuuliza."

"Mimi? Kila siku nauliza!"

"Leo ulikuwa unatangaza mpira."

Akaitazama ile simu yake kwa muda. Halafu tumbo likaanza kutikisika, halafu mabega, na tukarudi Ruiri hivyo, watu wanne katika lori wakifuta machozi. Kila mara tulipokaribia kutulia dereva alisema kwa besi, "Mzigo umeegemea upande mmoja," tukaanza upya.

Ruiri walikuwa wanatungoja sokoni. Jua lilikuwa bado lipo, lakini lilikuwa linajiandaa kuondoka. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na mteja wake, mzee wa heshima aliyenyolewa upande mmoja tu, shuka bado shingoni. Mbele ya kinu cha kusaga unga palikuwa na foleni ya wanawake na madebe yao ya mahindi. Shosho wa chai alikuwa mstari wa mbele.

"Ni stesheni, eh?" alimwambia Mkubwa. "Bado inapumzika?"

"Mmesahau nini?" aliuliza mwenye kinu. "Mlisahau waya?"

Mkubwa alinisukuma mbele. Sikuwa na pa kujificha. Nikatia mkono mfukoni nikazitoa fyuzi, nikazionyesha. Kilio kilichopanda pale sokoni kilikuwa nusu hasira na nusu furaha.

"Ameitia mfukoni!"

"Msichana amebeba stima yetu kama njugu!"

"Mpekueni vizuri, pengine ana maji pia!"

Mzee wa nusu nywele alinijia polepole, nikadhani nitalaaniwa. Akanyoosha kidole kwenye kichwa chake. "Mwari," alisema, "mimi nina mkutano wa kanisa kesho. Upesi."

Nilikwenda kwenye transfoma kwa miguu iliyokuwa inataka kukimbia. Nikaweka fyuzi moja baada ya nyingine, vizuri, bila pupa, nikihakikisha kila moja imekaa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa mimi niliyesimama pale kelele za kijiji zinapoanzia. Kinu kilikohoa kikaanza kunguruma. Mashine ya kinyozi ikalia kama nyuki. Redio ya shosho ikaamka katikati ya wimbo wa kwaya, na soko lote likapiga vigelegele na miluzi, wakinishangilia kwa kuwarudishia kitu nilichowanyang'anya mwenyewe. Niliinama kama mwigizaji. Shosho alinirushia chapati iliyofungwa kwenye gazeti.

Meneja hakucheka. Kesho yake asubuhi alinisimamisha mbele ya ile meza.

"Umezima kijiji kwa mfuko wa suruali."

"Ndiyo, madam."

"Afadhali kuzima kuliko kuwasha. Hakuna aliyeumia. Lakini mwenye kinu amepoteza kazi ya mchana mzima, na mimi nimetukanwa kwa lugha mbili. Msimamizi wako nimeshamwambia yake." Aliigonga ile meza kwa kalamu. "Wewe unawaza sana. Hapa ni mahali pazuri kwa mtu anayewaza. Ijumaa."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Jumatano na Alhamisi tulifanya kazi ndogo ndogo za mjini na sikupanda. Nilikuwa nimepanda mara moja na kwa mara hiyo moja nilikuwa nimeondoka na kijiji. Meza ilianza kunipendeza. Ilikuwa na kiti kinachozunguka. Niliwaza pensheni, niliwaza magoti, niliwaza mvua za Aprili na laini iliyoloa. Niliwaza hadi nikawa nawaza kuhusu kuwaza kwangu, na hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo lingekuwa wazi kwa mtu yeyote mwingine. Jumanne ile, kuanzia mguu wa kushoto hadi kikombe, kichwa changu kilikuwa na wazo moja tu ndani yake. Moja. Sikukumbuka mara ya mwisho hilo kutokea, hata kanisani.

Alhamisi jioni nilimpigia mama nikamwambia yote. Nilianza na nguzo, nikaishia na mzee wa nusu nywele. Nilipofika kwa mzee alicheka mpaka akaweka simu chini, nikamsikia akimsimulia mtu kwa Kiembu. Aliporudi sauti ilikuwa nyingine.

"Kwa hiyo hakuna ofisi."

"Ipo. Nimepewa meza. Lakini sijui kama naitaka."

"Na ukianguka, mwanangu?"

"Nafunga mkanda, mama. Naogopa, lakini huko juu naogopa kitu kimoja kimoja. Huku chini naogopa vyote."

Nilisikia kuku.

"Wewe hata ukiwa mdogo," alisema, "ulikuwa unauliza kama daraja litabeba uji uliokunywa." Akapumua. "Sasa kanisani nitasema nini?"

"Sema niko laini."

"Nitasema uko juu. Watajaza wenyewe."

Ijumaa nilifika ofisini kabla ya meneja. Nilikuwa nimeandaa hoja njiani kutoka Nchiru, na hoja za kupinga hoja, na majibu yake. Alipoingia, mkoba bado begani, vyote vilinitoka.

"Mpe huyo mwingine meza," nilisema.

"Umefikiria?"

"Sana. Nimeacha."

Alinitazama, kisha akatoa simu yake hapohapo mbele yangu na kumpigia yule mtu. Nilimsikia mtu wa upande wa pili akishukuru kwa furaha isiyo na aibu. Meneja akakata simu.

"Imekwenda," alisema. "Lori linaondoka kwenda Mbeere saa tatu. Kuna nguzo zimeliwa na mchwa. Na hizo buti za kuazima zivue, utajiua nazo."

Nilitoka nikiwa sina meza. Nikavuka barabara hadi sokoni, kwa mwuza buti za kazi. Alinionyesha jozi kubwa ya kiume.

"Ni za mzee wako?"

"Ni zangu."

"Za shamba?"

"Za nguzo. Nafanya stima, kule juu."

Akazirudisha zile, akaingia ndani ya kibanda, akatoka na jozi ndogo yenye soli nene na kisigino kigumu. Nilikaa kwenye debe nikazivaa. Nikasimama, nikapiga chini kwa mguu mmoja, nikapiga kwa mwingine. Sikuuliza swali lolote, hata la dawa ya ngozi. Nikamlipa. Upande wa pili wa barabara dereva alikuwa ameshaanza kupiga honi, na Mmbeere alikuwa amesimama nyuma ya lori amenyoosha mkono. Nikakimbia na buti mpya zikinibana vidole, nikaushika mkono wake, nikapanda.